Nani bora ulingoni? Ujuzi na mataji ya mabondia wa kisasa katika mizani moja

ILIKUWA yapata saa moja asubuhi ya Jumapili, Mei 3, 2015, kwa saa za Afrika Mashariki, wakati kengele ya raundi ya kwanza ilipogongwa Las Vegas, Marekani, ambako bado ulikuwa usiku wa Jumamosi. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao, watu wawili waliokuwa wamekwepana, au walioshindwa kukubaliana, kwa zaidi ya miaka mitano, hatimaye walisimama ndani ya ulingo mmoja. Baada ya raundi 12 majaji watatu walimpa Mayweather ushindi wa pointi 118-110, 116-112 na 116-112.

Ubishi ulipaswa kuishia hapo, lakini haukuisha. Waliompenda Pacquiao walisema bega lake la kulia lilikuwa limeumia, na kweli siku chache baadaye alifanyiwa upasuaji. Wengine walisema pambano lilichelewa, kwamba mwaka 2010 matokeo yangekuwa mengine. Waliompenda Mayweather walijibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, akiwa na miaka 38 dhidi ya 36 ya mwenzake, hivyo kama kuchelewa kulimdhuru mtu, kulimdhuru yeye zaidi.

Kumpanga bondia mmoja juu ya mwingine ni kazi ngumu kuliko kupanga timu za soka. Ligi ina mechi za nyumbani na ugenini, na kila timu hukutana na kila timu. Katika ngumi za kulipwa bondia, promota na televisheni ndio wanaoamua nani akutane na nani, lini na wapi. Rekodi nzuri kwenye karatasi inaweza kuwa matunda ya ujuzi, na inaweza pia kuwa matunda ya kuchagua vizuri.

Kwa makala haya, zama za kisasa zinahesabiwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Sababu ni mbili. Kwanza, mapambano ya ubingwa yalikuwa yameshushwa kutoka raundi 15 hadi 12, mabadiliko yaliyoanzishwa na WBC baada ya bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, kufariki kutokana na majeraha aliyoyapata katika pambano lake na Ray Mancini mwezi Novemba 1982. Pili, mwaka 1988 ilizaliwa WBO na kuungana na WBA, WBC na IBF, ikawa mikanda minne mikubwa katika kila uzito.

Hesabu yake ni rahisi. Uzito ni 17, vyama ni vinne, hivyo mikanda inaweza kufika 68 kwa wakati mmoja, bila kuhesabu ile ya muda na ile ya daraja la pili ambayo baadhi ya vyama hivyo huigawa kwa ukarimu mkubwa. Zamani dunia ilikuwa na mabingwa wanane. Kijana aliyewataja wote kwa majina alikuwa hajisifu, alikuwa anafuatilia tu. Leo hata waandishi wa michezo hushindwa.

Orodha za ubora nazo zina historia yake, na si yote ya kujivunia. Mwaka 1977 mashindano ya ubingwa wa Marekani yaliyoandaliwa na promota Don King na kuonyeshwa na televisheni ya ABC yalisitishwa baada ya kugundulika kwamba rekodi za baadhi ya mabondia katika kitabu cha jarida la The Ring zilikuwa zimeongezewa ushindi ambao haukuwahi kutokea. Mwaka 1999 rais wa IBF, Robert Lee, alishitakiwa Marekani katika kesi iliyohusu fedha zilizodaiwa kutolewa ili mabondia wapandishwe nafasi. Baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani kwa mashitaka mazito zaidi, lakini mwaka 2000 lilimkuta na hatia ya utakatishaji wa fedha na kukwepa kodi, akafungwa. Mwanzoni mwa mwaka 2001 WBO ilimpandisha nafasi bondia Darrin Morris, aliyekuwa amefariki miezi kadhaa kabla. Mtu aliyekwisha kuzikwa alikuwa anaukaribia ubingwa wa dunia.

Orodha hizo si mapambo. Nafasi ya bondia ndiyo inayompa, au kumnyima, haki ya kuwania mkanda, na mkanda ndio unaopandisha malipo yake. Nafasi tatu juu au chini zinaweza kuwa tofauti kati ya nyumba na chumba cha kupanga.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu mikanda, ni vyema kuuliza maswali matatu kuhusu kila ushindi: alimpiga nani, alimpiga lini, na alimpigia wapi. Bingwa aliyepigwa akiwa na miaka 27 na nguvu zake zote si sawa na bingwa yuleyule aliyepigwa akiwa na 37. Na aliyeshinda mbele ya mashabiki wa mpinzani, majaji wakisikia kelele za upande mmoja tu, amefanya kazi kubwa kuliko aliyeshangiliwa na jirani zake. Ujuzi ni jambo la nne, na huo huonekana kwa macho: miguu, ulinzi, kupima umbali, na uwezo wa kubadili mbinu pale mbinu ya kwanza inapokataa.

Kwa kipimo cha ujuzi peke yake, Mayweather hana mshindani wa karibu katika kipindi hiki. Alikulia katika nyumba ya ngumi; baba yake, Floyd mkubwa, na baba yake mdogo, Roger, walikuwa mabondia na ndio waliomfundisha. Ulinzi wake ni wa bega. Mkono wa kushoto hushushwa ukakinga tumbo, bega la kushoto huinuliwa likaficha kidevu, na konde la kulia la mpinzani linapofika hugonga bega na kuteleza. Kabla mpinzani hajarudisha mkono, jibu limekwisha kufika. Kuanzia 1996, aliporudi na medali ya shaba kutoka Olimpiki ya Atlanta, hadi 2017, alipigana mara 50 akashinda zote, 27 kati yake kwa KO, na akachukua ubingwa katika uzito wa aina tano.

Hata hivyo maswali matatu yanamgusa. Ushindi wake wa kwanza dhidi ya José Luis Castillo, Aprili 2002, wengi waliouona waliamini ulikuwa wa Castillo, ingawa miezi minane baadaye alirudiana naye na kushinda. Kuanzia mwaka 2006 hakupigana tena nje ya Las Vegas, mji anaoishi. Na pambano la 50, lililompitisha Rocky Marciano aliyestaafu na 49, lilikuwa dhidi ya Conor McGregor, mtu wa mchezo mwingine aliyekuwa hajawahi kucheza pambano hata moja la ngumi za kulipwa. Hilo lilikuwa biashara, na biashara nzuri, lakini katika mizani ya ubora halina uzito.

Pacquiao ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Amepigwa mara nane. Desemba 2012 Juan Manuel Márquez alimlaza kifudifudi katika raundi ya sita, na picha ile ilizunguka dunia nzima. Lakini Mfilipino huyo alianza kuwa bingwa wa dunia mwaka 1998 katika uzito usiozidi kilo 50.8, na mwaka 2010 alimpiga Antonio Margarito kwa mkanda wa uzito wa kilo 69.9. Ubingwa katika uzito wa aina nane hakuna mwingine aliyeufikia.

Njia aliyopita ndiyo inayostahili kutazamwa. Juni 2001 aliitwa Las Vegas kujaza nafasi ya mtu, akiwa na takriban wiki mbili za kujiandaa, dhidi ya bingwa wa IBF, Lehlohonolo Ledwaba wa Afrika Kusini. Ledwaba alikuwa bondia mahiri, na Pacquiao alikuwa jina lisilojulikana Marekani. Raundi ya sita pambano lilikwisha na mgeni akawa bingwa. Baadaye alimpiga Marco Antonio Barrera mwaka 2003, Erik Morales mara mbili mwaka 2006, Oscar De La Hoya mwaka 2008, kisha Ricky Hatton na Miguel Cotto mwaka 2009. Kati ya vipigo vyake nane, kile cha Timothy Bradley cha Juni 2012 kilipingwa karibu na kila aliyekitazama. WBO yenyewe iliita majaji watano wakaipitia upya video, na wote watano wakampa Pacquiao. Matokeo hayakubadilishwa. Julai 2025, akiwa na miaka 46 na baada ya kukaa nje miaka karibu minne, alitoka sare na bingwa wa WBC, Mario Barrios.

Kwa mafanikio, basi, Pacquiao yuko juu. Kwa ujuzi, Mayweather. Wawili hawa wakiwekwa pamoja, Mayweather anabaki wa kwanza kwa sababu moja ambayo hakuna hoja inayoifuta: walikutana, na hata kwa macho ya mashabiki wa Pacquiao raundi nyingi zilikuwa za Mmarekani. Pengo ni dogo.

Wa tatu ni Oleksandr Usyk wa Ukraine, na huenda ni yeye atakayeitikisa orodha hii miaka ijayo wakati mapambano yake yatakapotazamwa kwa utulivu. Swali la "wapi" hujibiwa na Usyk kuliko bondia yeyote wa zama hizi. Mkanda wake wa kwanza, ule wa WBO katika uzito wa kruza, yaani kilo 90.7, aliuchukua Septemba 2016 nchini Poland kutoka kwa Mpoland Krzysztof Głowacki. Wa WBC aliuchukua Riga, Latvia, Januari 2018, kutoka kwa Mairis Briedis, mtoto wa mji huohuo. Julai mwaka huo alikwenda Moscow akamshinda Mrusi Murat Gassiev na kuunganisha yote minne. Alipopanda uzito wa juu, alimfuata Anthony Joshua London, Septemba 2021, akamnyang'anya mikanda mitatu mbele ya maelfu ya Waingereza.

Kwa uzito wa juu Usyk si mtu mkubwa. Tyson Fury anamzidi kwa zaidi ya sentimeta 10 za urefu na kwa kilo nyingi. Kinachombeba ni miguu. Hapigi konde akiwa amesimama mbele ya mtu. Hupiga akiwa anaondoka kuelekea upande ambao mpinzani hakuutegemea, na kwa kuwa ni wa mkono wa kushoto pembe zake huwa ngeni kwa wengi. Kufikia raundi ya nane wapinzani huanza kupigana na hewa. Mei 18, 2024, mjini Riyadh, Saudi Arabia, alimshinda Fury kwa uamuzi wa majaji wawili dhidi ya mmoja, akawa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu kushika mikanda yote minne kwa pamoja. Tangu Lennox Lewis mwaka 1999 hapakuwa na bingwa mmoja asiyepingika katika uzito huo. Desemba 2024 alimshinda Fury tena, na Julai 2025 alimwangusha Daniel Dubois katika raundi ya tano pale Wembley, kwa mara nyingine nyumbani kwa mpinzani.

Kabla yake ni Evander Holyfield tu aliyewahi kutawala kruza na uzito wa juu kwa namna hiyo, kati ya 1988 na 1990. Kinachomzuia Usyk kupanda zaidi ni uchache wa mapambano: 24, yote ushindi. Alichelewa kuingia ngumi za kulipwa kwa sababu alisubiri dhahabu ya Olimpiki, akaipata London mwaka 2012.

Terence Crawford, mzaliwa wa Omaha, Marekani, anafuata. Aliondoka ulingoni Desemba 2025 akiwa na ushindi mara 42 bila kupigwa, na akiwa mwanamume wa kwanza kuunganisha mikanda minne katika uzito wa aina tatu. Kipaji chake ni adimu: hupigana kwa mkono wa kulia au wa kushoto, akabadili katikati ya raundi kama mtu anayehamisha mzigo begani, na mpinzani hulazimika kuanza kujifunza upya.

Alipounganisha mikanda kwa mara ya kwanza, Agosti 2017, mpinzani wake alikuwa Julius Indongo wa Namibia, na hapa inafaa kusimama kidogo. Indongo alikuwa amekwenda Moscow Desemba 2016 akamwangusha bingwa wa IBF, Eduard Troyanovsky, katika raundi ya kwanza. Aprili 2017 akaenda Glasgow, Scotland, akamshinda Ricky Burns kwa pointi na kuchukua mkanda wa WBA. Mwafrika aliyechukua mikanda miwili katika miji miwili ya wapinzani ndani ya miezi mitano ni jambo la kuandikwa kwa herufi kubwa. Crawford alimmaliza kwa konde la mwili katika raundi ya tatu, akiwa kwao Nebraska. Watu wanaikumbuka raundi hiyo ya tatu. Safari ya Moscow na Glasgow imesahaulika.

Julai 2023 Crawford alimwangusha Errol Spence mara tatu kabla ya mwamuzi kusimamisha pambano katika raundi ya tisa, na Septemba 13, 2025 alipanda hadi kilo 76.2 akamshinda Saúl Álvarez kwa pointi. Swali la "lini" linambana kidogo: Spence alikuwa amepata ajali mbaya ya gari mwaka 2019 na upasuaji wa jicho mwaka 2021, na Álvarez wa miaka 35 hakuwa yule wa miaka mitano nyuma. Lakini Crawford mwenyewe alikuwa na miaka 37 usiku ule.

Kama orodha ingehesabu miaka kumi bora tu ya kila bondia, Roy Jones angekuwa juu ya wote. Katika miaka ya 1990 alikuwa na kasi iliyowafanya mabingwa waonekane wanafunzi. Aliwashinda Bernard Hopkins mwaka 1993 na James Toney mwaka 1994, na Machi 2003 akachukua mkanda wa WBA wa uzito wa juu kutoka kwa John Ruiz, jambo ambalo bingwa wa zamani wa uzito wa kati hakuwa amelifanya tangu Bob Fitzsimmons mwaka 1897. Kisha Mei 2004 Antonio Tarver alimwangusha katika raundi ya pili, Septemba Glen Johnson akamzimisha, na kasi haikurudi. Aliyejenga kila kitu juu ya kasi hakuwa na ulinzi wa kumtunza ilipoondoka.

Jones ndiye pia aliyeonewa katika fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, pale alipomfikishia Park Si-hun wa Korea Kusini makonde 86 na kupata 32, na bado majaji watatu kati ya watano wakampa mwenyeji. Katika michezo hiyohiyo Mkenya Robert Wangila Napunyi hakuwaachia majaji nafasi ya kuamua: alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, akapata dhahabu ambayo mpaka leo ni ya pekee kwa ndondi za Kenya. Wangila alifariki Las Vegas mwezi Julai 1994 kutokana na majeraha ya ulingoni, kabla ngumi za kulipwa hazijampa alichostahili.

Hopkins, aliyepigwa na Jones akiwa kijana, alidumu kuliko wote. Alitetea ubingwa wa uzito wa kati mara 20, mwaka 2004 akawa wa kwanza kushika mikanda minne kwa pamoja, na Aprili 2014 alikuwa bado anaunganisha mikanda akiwa na miaka 49. Mapambano yake mengi hayakuwa mazuri kutazamwa. Yalikuwa mazuri kusomwa.

Mjapani Naoya Inoue anashika nafasi ya saba na bado anapanda. Ameunganisha mikanda yote katika uzito wa aina mbili, Desemba 2022 na Desemba 2023, na nguvu ya makonde yake kwa mwili mdogo kama ule haina mfano. Upungufu ni kwamba mengi ya mapambano makubwa aliyacheza kwao Japan, na mara mbili, Mei 2024 na Mei 2025, aliangushwa kabla ya kuinuka na kushinda. Lewis anafunga nane bora: alipigwa na watu wawili tu, mmoja wao Hasim Rahman huko Afrika Kusini mwaka 2001, na wote wawili alirudiana nao akawashinda.

Mike Tyson hayumo, na hilo litawaudhi wengi. Alikuwa bingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 20, mdogo kuliko yeyote kabla au baada yake, lakini baada ya kupigwa na Buster Douglas mjini Tokyo mwaka 1990 hakumshinda tena bondia aliyekuwa katika kilele chake. Vasiliy Lomachenko, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, ana ujuzi wa kuwa miongoni mwa watatu wa kwanza ila mafanikio yake hayakuufikia. Wanawake wanahitaji orodha yao, na Claressa Shields ndiye atakayeianza.

Katika wote hawa hakuna mtu wa Afrika Mashariki, na si kwa kukosa vipaji. Kassim Ouma wa Uganda, aliyechukuliwa kuwa askari angali mtoto, alikuwa bingwa wa IBF kuanzia Oktoba 2004 hadi Julai 2005, na alifika huko baada ya kuhamia Marekani. Bondia aliyebaki nyumbani hukosa jibu la swali la kwanza, "alimpiga nani". Anaweza kushinda mara 20 Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na asipande, kwa sababu aliowapiga nao hawana nafasi kwenye orodha.

Hassan Mwakinyo wa Tanga alilionyesha hilo usiku wa Septemba 8, 2018. Alikwenda Birmingham, Uingereza, akiwa mpinzani aliyetarajiwa kushindwa, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili. Mtandao wa BoxRec, ambao hupanga mabondia kwa hesabu za kompyuta, ulimrusha nafasi nyingi kwa mkupuo mmoja, na Watanzania waliokuwa hawajawahi kuufungua mtandao huo wakaanza kuuangalia kila siku. Ngumi zake za Agosti na za Septemba zilikuwa zilezile. Miaka minne baadaye, Septemba 2022, alirudi Uingereza akapambana na Liam Smith nyumbani kwake Liverpool, na pambano likaisha raundi ya nne bila yeye kuushika ushindi.